Shemeji wa Aktan

Perizat hushona suruali za kike, na ukimkuta kwenye cherehani utadhani wana kesi. Anaishi Archa-Beshik, pembezoni mwa Bishkek, katika nyumba ambayo mumewe Taalai aliianza kabla hajaenda Urusi kuwajengea watu wengine zao. Chumba kimoja kimekamilika, cha pili dirisha lake bado ni la nailoni. Majirani humsifu kwa mawili: mshono wake haufumuki, na hajasikika hata siku moja akimjibu mama mkwe wake. Hilo la pili ndilo lililomfikisha alipo, lakini ukilisema mbele ya wanawake wa mtaa huu watakuona umepotoka.

Kwao ni Talas, kwenye maharagwe. Aliolewa At-Bashy, kwenye farasi na baridi, akiwa msichana mwembamba mwenye kicheko cha karibu. Alipozaa mtoto wa kiume hakuna aliyemuuliza lolote, maana hakukuwa na la kuuliza. Mtoto wa kwanza ni wa babu na bibi. Wangapi tumelelewa hivyo, na tumekua. Mtoto akaitwa Aktan, akalazwa ubavuni mwa mama mkwe, Burul. Akilia njaa Perizat huitwa, ananyonyesha, kisha mtoto anarudishwa mahali pake. Alipoachishwa ziwa, Perizat na Taalai wakashuka mjini kutafuta maisha, naye aliondoka amejifunga kifua kwa mtandio ili maziwa yaliyobaki yakaukie njiani. Hakulia. Mke wa mtu halii mbele ya ukoo wa mumewe wakati anatoa zawadi.

Aktan akakua akimwita Burul mama, na babu yake baba. Taalai akawa kaka yake mkubwa. Kwa hesabu hiyo Perizat, aliyembeba tumboni, akawa shemeji. Haikuwa siri. Mtoto alijua fika nani amemzaa, ila lilikuwa jambo la kweli lisilo na kazi, kama jina la kijiji alichotoka babu wa babu yako.

Na ushemeji huo, tuseme ukweli, ulikuwa mtamu. Shemeji na mdogo wa mume wana utani wao. Kila kiangazi walipopanda At-Bashy, Aktan alikuwa wa kwanza kuwapokea barabarani, yuko juu ya farasi, miguu haijafika hata kwenye vikanyagio.

"Shemeji, umenenepa. Huko mjini mnakula nini, magodoro?"

"Tunakula watoto wasio na adabu."

"Basi mimi nitakukwama kooni."

Perizat alicheka mpaka akashika kiuno. Usiku, kwenye blanketi za wageni, alimsikia mtoto upande wa pili wa ukuta akisema, "Mama, nifunike," na Burul akimfunika. Alitaka kitu kimoja tu duniani, na miaka yote hiyo hakuthubutu kukitaja hata kwa mumewe: kwamba siku moja neno lile litamfikia yeye.

Majira ya baridi yaliyopita babu alikufa. Magoti ya Burul yalikuwa yamekwisha, kuni zinamshinda, na Taalai akasema kwenye simu kutoka Urusi kwamba kijana aletwe mjini asome. Burul mwenyewe hakuweza kuja. Mjane haachi nyumba kabla ya karamu ya mwaka wa marehemu. Alimfungia Aktan nguo, akamfungia mfuko wa kuruti, vile vidonge vyeupe vya maziwa makali ya chumvi vilivyokaushwa juani mpaka vikawa mawe, akampandisha gari. Perizat alikuwa ameshatandika kitanda tangu mwanzo wa juma, jambo lililomtia aibu, maana matanga hayakuwa yamepoa.

Siku za mwanzo zilikwenda. Aktan alitundika mfuko wake wa kuruti msumarini juu ya kitanda, akajifanya mwenye duka. "Shemeji, kimoja tu kwa siku. Ukitaka cha pili, nishonee suruali yenye mifuko sita." Nuriza, dada yake mdogo aliyekuwa na miaka sita, alipewa vya bure kwa kuwa alikuwa na pengo na hakuweza kuvitafuna.

Kisha utani ukapungua. Akawa anakaa dirishani akitazama moshi wa makaa ya mawe wa mtaa mzima. Akaanza kutoroka shule kwenda kwenye uwanja wa mbio za farasi, akashinda huko akiwatazama farasi wa watu. Mwalimu akaita mzazi. Perizat aliacha kazi mezani, akajifunga kitambaa, akaenda mbio, na mlangoni mwa darasa mwalimu akamuuliza Aktan, "Huyu ni mama yako?"

"Mama yangu yuko At-Bashy," alisema mtoto, bila ubaya wowote. "Huyu ni shemeji."

Darasa likacheka. Mmoja akasema mama yake Aktan ni nusu farasi, Aktan akamrukia, meno yakang'oka. Perizat alimburuta mpaka nyumbani. Huko, na hili hapendi kulisimulia, alichukua rula ya mbao ya kupimia kitambaa akampiga nayo, akirudia kwa kila pigo, "Mimi ni nani? Sema, mimi ni nani?" Aktan hakusema. Nuriza alijificha chini ya meza ya kukatia. Rula ilipovunjika Perizat akaketi sakafuni juu ya vipande vya vitambaa, akalia kwa sauti, naye Aktan akamletea maji kwenye kikombe.

"Kunywa, shemeji," akamwambia. "Utapasuka."

Ndipo mshonaji mwenzake alipomwelekeza kwa Jipar. Huyu Jipar ni mshauri wa familia. Hana ofisi ya kwenda kukaa watu wakakuona. Unampata kwenye simu, picha yake na yako na ya yeyote mwingine, kila mtu kwenye kisanduku chake. Ana miwani na mmea wa majani mapana nyuma yake, na sauti ya mtu aliyelala vizuri. Perizat aliegemeza simu kwenye cherehani, Jumapili mchana, akazungukwa na suruali zisizo na pindo. Taalai naye akaingia kutoka kwenye kontena wanamolala mafundi, wenzake wakipita nyuma yake na fulana.

Kwanza Jipar aliuliza majina. "Na mama mkwe wako anaitwa nani?"

Perizat akatabasamu, akatazama chini. Mke halitamki jina la mama mkwe. "Nuriza," akaita, "njoo umwambie shangazi jina la bibi."

Jipar akacheka mwenyewe. "Samahani, dada. Hata mimi wangu simtaji."

Hapo Perizat akampenda. Akamweleza yote, hata rula. Jipar hakushtuka. Alimwambia kwamba mzazi aliyechoka hupiga kwa mkono wa uchovu wake, na kwamba tangu siku hiyo, akiona mkono unapanda, atoke nje ahesabu mabomba ya moshi. Perizat aliyahesabu kweli. Majirani wakadhani anatafuta paka. Mkono ukatulia, na kwa hilo anamshukuru Jipar mpaka leo.

Lakini mtoto hakurudi darasani, wala neno halikuja. Mara ya tatu Jipar akasema, "Tumekaa hapa tunamzungumzia mtu ambaye hayupo. Aktan ana mama moyoni mwake, na huyo mama hajaulizwa. Nadhani anaogopa kwamba akikupenda wewe, atamwumiza yule. Tumwite. Tumwombe ampe ruhusa."

Lilikuwa wazo zuri. Hata sasa, ukilitazama kwa utulivu, lilikuwa wazo zuri.

Jumapili iliyofuata Aktan aliketi katikati, Nuriza miguuni pake. Burul alipigiwa kwenye simu aliyonunuliwa na Taalai, na kisanduku chake kilipofunguka wakaona sikio. Sikio kubwa, hereni ya fedha, na ncha ya kitambaa cheupe. Perizat, aliyekuwa kichwa wazi kwa joto la jiko, aliruka akanyakua suruali mojawapo akajifunika nayo kichwani, kisha akainamisha kichwa kumwamkia mama mkwe.

"Mama, usiiweke sikioni," Taalai alisema. "Ishike mbele. Tunakuona sikio."

"Sasa nitasikiaje?"

"Utasikia tu, mama," Aktan akasema, na alikuwa anacheka. "Umevaa hereni za arusi? Unaolewa?"

"Kelele wewe. Umekula?"

Uso wake ukatokea, umekonda. Mtoto akasogea mbele mpaka paji likagusa kioo. Perizat aliwatazama wale wawili akaona wivu, akaona na haya kwa wivu wake.

Jipar alizungumza kwa adabu zote. Alimpa Burul pole ya mumewe, akamsifu kwa malezi. Kisha akasema, "Mama, hatumwondoi kwako. Tunachoomba ni umwambie mtoto kwamba anaweza kumpenda na huyu aliyemzaa, na wewe hutaumia. Ni ruhusa tu."

Burul akauliza, "Ruhusa ya nusu?"

"Si nusu, mama. Wawe wawili."

"Mwanangu, kuzaa si kazi, kazi kulea. Nimemlea. Mtoto si mkate akatwe kwenye sahani mbili. Nilipopewa nilipewa mzima, mkwe wangu hakubakiza hata ukucha, na sikumsikia akilia. Mimi nitashindwa na yeye?"

"Mama, hujanielewa," Jipar alisema, "sikusema..."

Lakini Burul alikuwa ameshairudisha simu sikioni, kama mtu anapotaka kusema jambo la kweli. Wakabaki wanatazama sikio na hereni.

"Aktan. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Usiniite hivyo. Mimi ni bibi yako. Aliyekuzaa ni huyo uliye naye hapo. Mama yako ni huyo, kuanzia sasa. Mheshimu. Nimemaliza."

"Mama..."

"Bibi."

Perizat angeweza kusema. Alikuwa na pumzi, alikuwa na ulimi. Angeweza kusema, mama, usimtoe hivyo, simtaki kwa namna hii. Lakini mke hamjibu mama mkwe, na hilo alilifanya vizuri maisha yake yote. Tena kulikuwa na jingine, ndilo linalomnyima amani mpaka leo. Burul alipolitamka lile neno, moyo wake uliruka kwa furaha. Kwa kitambo kidogo tu, lakini uliruka.

Burul hajui kukata simu. Aliiweka mezani, ikatazama dari ya nyumba ya At-Bashy, mpaka Jipar mwenyewe alipoifunga.

Aktan akasimama, akakunja blanketi aliyoikalia, akaiweka juu ya zile nyingine, kona kwa kona. Akauliza, "Nikalete makaa, mama?"

Kule kwenye kontena Taalai aliruka juu. "Mmesikia? Jamani, mmesikia? Amemwita mama!" Mafundi wenzake wakaja kujaza kisanduku, fulana na ndevu, wakapiga makofi. Mmoja alikuwa analia, na yeye wake wa kwanza alikuwa kwa bibi huko Osh. Jipar hakupiga makofi. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Tangu siku hiyo Aktan ni mtoto ambaye kila mzazi angemtaka. Anaamka bila kuitwa. Anakwenda shule, anarudi, anafagia theluji mlangoni, anapanga viatu vya nyumba nzima. Mwalimu amemsifu mbele ya wazazi. Ndiyo, mama. Sawa, mama. Nimemaliza, mama. Analisema bila kuinua macho, kama unavyomjibu askari aliyekusimamisha barabarani. Nuriza ndiye aliyeligundua kabla ya mtu mzima yeyote.

"Mama," aliuliza, "kaka amekasirika?"

"Hajakasirika. Amekuwa na adabu."

"Ataacha lini?"

Perizat akarudi kwenye cherehani, akashona mguu wa suruali ukafunga pande zote mbili, akaufumua.

Alijaribu kumchokoza. Alimwambia amenenepa, akamuuliza huko shuleni wanakula nini, chaki? Aktan akasema, "Hapana, mama, tunakula uji." Alimshonea suruali yenye mifuko sita. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaikunja. Mtu hamtanii mama yake, na Perizat alikuwa amekaa miaka yote hiyo hajui kwamba utani ule ndio uliokuwa mkono wake wa kumfikia yule mtoto. Sasa umekatwa, na aliyeomba ukatwe ni yeye.

Alimpigia simu Burul. Burul hakupokea, hakupokea, kisha siku moja ya baridi kali akapokea.

"Anakula?"

"Anakula, mama."

"Shule?"

"Anakwenda. Mama, naomba uzungumze naye. Hata salamu tu."

"Basi, kama anakula na anasoma, unataka nini tena?"

Perizat alivuta pumzi akafanya ambalo hajalifanya tangu aolewe. "Mchukue," alisema. "Sikutaka hivi. Kosa ni langu. Kiangazi nitamleta mwenyewe, awe wako kama zamani."

"Kama zamani." Burul alikohoa. "Nimetoa mbele ya watu, mwanao akisikia kwa masikio yake. Leo nimwambie nini, kwamba nilikuwa nacheza? Mtoto haamini mara mbili. Tena usiniite kwenye hayo masanduku yenu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Uliniitia watu wakaamua mzazi ni nani, nikasikia, nikatii. Kaa naye salama."

Lakini simu haikukatika. Perizat alisikia inawekwa mezani. Alisikia mlango wa jiko, bakuli, magoti ya mwanamke mzee yakiteremka sakafuni kwa tabu. Alijua afunge, maana kumsikiliza mkubwa bila yeye kujua ni utovu wa adabu. Hakufunga. Na kutoka mbali, ndani ya nyumba ile, akamsikia Burul akiita "Aktan," kwa sauti ya kawaida kabisa ya kumwita mtoto aje kula. Kisha bakuli likasukumwa.

Alimweleza Jipar. Ule mmea nyuma ya Jipar ulikuwa umeanza kukauka pembeni. "Nilikosea, dada Perizat," akasema. "Nilidhani naomba kitu kidogo. Nami ni wa hapa hapa, nilipaswa kujua. Tuendelee kukutana. Tumpe muda." Perizat akaitikia kwamba watampa muda. Walikuwa wanawake wawili wenye akili zao, kila mmoja kwenye kisanduku chake, na hakuna kati yao aliyekuwa na la kufanya.

Hiyo jioni alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha Aktan. Mtoto alikuwa mezani anaandika. Mfuko wa kuruti ulikuwa pale pale msumarini, nao ulikuwa mzito. Tangu Jumapili ile hakuwa ameugusa.

"Aktan," alisema, na alijitahidi sauti yake icheke. "Shemeji yako ana njaa. Naomba kimoja. Nikitaka cha pili, nitakushonea koti."

Kalamu ikasimama. Kwa kitambo Perizat alidhani utani umepita, umemfikia. Aktan alisimama, akapanda kitandani kwa soksi, akautungua mfuko, akaifungua ile kamba iliyofungwa na Burul kwa mkono wake. Hakutoa kimoja. Alimwekea mfuko mzima mapajani, kwa mikono miwili, kama unavyompa mkubwa.

"Chukua vyote, mama," akasema, akarudi kuandika.